Shangazi, kazi yangu imenifuata hadi jikoni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika mojawapo ya halmashauri za mkoa wa Mtwara, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Nimeolewa na mwalimu wa sekondari, tuna watoto wawili, wa kiume yuko darasa la nne na wa kike ana miaka sita. Nilisoma Ustawi pale Kijitonyama na kazi hii niliipenda tangu nikiwa mafunzo kwa vitendo. Kwa hiyo tafadhali usiniambie kwamba nilikosea njia.

Ofisi yetu ni chumba kimoja, tunabanana na wenzetu wa Maendeleo ya Jamii. Nje kuna benchi. Nikifika asubuhi benchi limeshajaa: mama mwenye mtoto mgongoni anadai matunzo, mzee anatafuta msamaha wa matibabu, binti kafukuzwa na baba wa kambo. Tukiongea ndani, wa benchi wanasikia kila neno, kwa hiyo yale mazito naenda kuyasikilizia chini ya mkorosho nyuma ya jengo, tumekaa kwenye matofali.

Msimu wa korosho ndio unaniua. Minada ikianza Oktoba na pesa zikaingia kwenye akaunti, simu yangu haipoi. Mwanamke kapalilia, kaokota, kabeba mizigo hadi ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, lakini jina kwenye daftari ni la mume. Mume kapokea hela, kapotelea Masasi, wengine wanarudi na mke mdogo. Desemba shule zikifungwa tunaingia kwenye ngoma za unyago na jando. Januari tunazunguka kutafuta watoto ambao hawajaripoti kidato cha kwanza, na baadhi yao tunawakuta na mimba. Likizo? Sikumbuki mara ya mwisho. Kila nikiomba naambiwa, "Dada, subiri kwanza msimu upite."

Namba yangu ya simu imebandikwa ukutani kwenye ofisi za vijiji, shuleni, kwenye zahanati. Niliibandika mwenyewe, kwa nia njema. Saa nne usiku inaingia meseji: "Afisa ameanza tena." Naamka, nampigia mwenyekiti wa kijiji, nampigia polisi, narudi kitandani nikiwa macho makavu. Mume wangu anageukia ukutani. Pikipiki ya idara mara nyingi haina mafuta, nakodi bodaboda kwa hela yangu. Kuna watoto wameshalala sebuleni kwangu kwa sababu usiku ule hapakuwa na pa kuwapeleka.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Mwaka jana nilikuwa na shauri la binti mdogo. Aliyofanyiwa sitayasema. Nilimpeleka hospitali, nikamsindikiza Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, nikakaa naye mahakamani. Katikati ya safari familia mbili zikakaa kikao chao. Mama akaacha kuja, binti akapelekwa kwa bibi yake ng'ambo ya Ruvuma, kesi ikaondolewa. Yule mtu ana kibanda sokoni. Tukipishana ananiambia, "Afisa, za kazi?" huku anatabasamu. Siku hizi siendi sokoni Jumamosi, namtuma dada wa kazi.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa jikoni nakuna nazi. Binti yangu akaja analia, goti limechubuka. Badala ya kumpa pole nikajikuta nimechuchumaa mbele yake namuuliza kwa ile sauti ya ofisini: "Ulikuwa na nani? Alikushika wapi? Usiogope, niambie ukweli." Mtoto akaacha kulia, akawa ananitazama tu. Alikuwa ameanguka akiruka kamba. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

Si mara ya kwanza. Shemeji yangu mdogo anaishi nasi, anasoma VETA, kijana mpole asiye na neno. Nimepiga marufuku asibaki na watoto. Hakuna alichofanya, nakuapia. Mume akaniambia usiku ule, "Hata mimi siku hizi unaniangalia kama mtuhumiwa." Sikuwa na jibu.

Silali vizuri. Naota yale niliyoyasikia mchana. Na la kutisha zaidi, watu wa benchi wameanza kunikera. Juzi mama mmoja analia mbele yangu, mimi natazama saa ya ukutani. Mume anataka niombe uhamisho, au niache kabisa nifungue duka la vitenge. Mama yangu anasema kazi ya serikali haichezewi. Wifi yangu anasema nimerogwa na wale ninaowapeleka polisi.

Shangazi, je, naumwa akili? Niache kazi? Na mume wangu nimwambie nini wakati siri za watu siruhusiwi kuzitoa?

Mwanao,
Niliyechoka, Mtwara

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Wifi yako mshukuru kwa kukujali, halafu yaishie hapo. Hujarogwa. Wala hujapata kichaa. Una mambo mawili yamekukamata kwa pamoja, na kwa kuwa yamekuja pamoja unayaona ni kitu kimoja. Ukiyatibu kama kitu kimoja utaenda likizo, urudi, na baada ya muda utakuwa palepale. Kwa hiyo niruhusu niyatenganishe.

La kwanza ni uchovu wa kazi uliopitiliza. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, na likasema wazi kwamba si ugonjwa. Wanataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi lolote la maana. Yule mama aliyekuwa analia nawe unatazama saa, hiyo ni ya pili. Usijihukumu kuwa umekuwa mtu mbaya. Moyo uliochotwa kupita kiasi hujifunga wenyewe.

Hili la kwanza chanzo chake ni mpangilio, na mpangilio unarekebishika. Nitasema jambo litakalokuudhi kidogo: simu yako imekuwa ndiyo ofisi. Ulipoibandika namba yako binafsi ukutani uliziba pengo ambalo si lako. Waliopaswa kuliona hawalioni tena, maana umesimama mbele yake. Mkurugenzi anaona kazi inakwenda. Polisi wanajua utawapigia wewe. Mwenyekiti wa kijiji anasubiri umwamshe. Na siku ukiugua, wale wanawake hawana njia nyingine yoyote, kwa sababu njia zote umezifanya kuwa wewe.

Basi nunua laini nyingine, weka kwenye kitochi, hiyo ndiyo iwe namba ya ofisi. Zunguka ubandue ile ya zamani, ubandike mpya, na chini yake uandike 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Hailipiwi, na inapokea usiku na mchana. Andika pia namba ya kituo cha polisi. Kisha zungumza na mkuu wako kitochi kiwe cha zamu, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa mwenzako. Kama uko peke yako kwenye kitengo, maafisa maendeleo ya jamii wa kata nao wamo kwenye kazi hii. Ule mpango wa taifa wa kupinga ukatili, MTAKUWWA wa 2017/18, uliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji. Najua utaniambia nyingi zimelala. Sawa. Kuiamsha kamati moja ni kazi ya siku mbili, kuwa kamati peke yako ni kazi isiyoisha.

Na uwe na ubaguzi wa haki kwenye simu za usiku. Anayepigwa sasa hivi anahitaji polisi na majirani kabla yako, wewe huna rungu wala gari. Mtoto asiye na pa kulala usiku huu, hiyo ni dharura. Damu ni dharura. Lakini madai ya matunzo saa nne usiku yanasubiri asubuhi, matunzo hayaozi kwa usiku mmoja. Mjibu kwa ustaarabu, "Nimekupata mama, njoo kesho saa mbili," kisha uzime. Migogoro ya ndoa nayo si yote ya benchi lako. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka mabaraza ya usuluhishi, na BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, wana lao. Waelekeze huko bila kuona aibu.

Watoto kulala kwako kukome. Nimeliandika hili kwa ukali makusudi. Si kwamba huna huruma, ila mtoto aliyeumizwa akilala sebuleni kwa afisa, wewe unageuka mlezi, shahidi na mwajiriwa kwa wakati mmoja. Na siku moja mtu atasimama mahakamani kusema mtoto yule ulimfundisha cha kusema. Taratibu za familia za kuaminika, zinazopokea watoto kwa muda, unazijua kuliko mimi. Tafuta hata mbili tu katika tarafa yako, ziandaliwe vizuri, zikubaliwe kisheria.

Likizo ya siku 28 kwa mwaka ni haki yako. Usiiombe kwa mdomo mlangoni, maana ya mdomo ndiyo inayojibiwa "subiri msimu upite". Msimu umepita, tuko Februari. Andika barua, taja tarehe, taja nani atashika nafasi yako, na nakala igongwe muhuri ibaki kwako. Ukinyimwa, unyimwe kwa maandishi. Chama chako cha wafanyakazi unakichangia kila mwezi kwenye mshahara, hii ni mojawapo ya kazi zake. Na mwakani omba ya Julai au Agosti, kabla ya mbio za minada.

Sasa la pili, na hapa mwanangu tulia.

Ulichomfanyia binti yako jikoni hakikutokana na uchovu wa kazi nyingi. Karani wa masijala anaweza kuchoka kukuzidi na bado akamwona mtoto aliyechubuka goti kuwa kachubuka goti. Wewe umeumia kwa kusikia. Wataalamu wa saikolojia wamelieleza jambo hili tangu miaka ya 1990: anayesikiliza maumivu ya wengine kila siku anaweza kupata alama zilezile za aliyeumizwa. Ndoto, kushtuka, kuona hatari kila pembe, kukwepa mahali fulani. Ndoto unazo, sokoni huendi, shemeji yako umemwekea mpaka. Hata dunia ya watu wema umeanza kuiona kwa macho ya jalada. Na siku 28 za kulala peke yake haziondoi hilo, linahitaji kusemwa mbele ya mtu anayejua kusikiliza.

Wabanguaji wa korosho kwa mkono hujipaka mafuta kabla ya kugusa ganda, kwa kuwa maji ya lile ganda yanaunguza. Hakuna anayewaambia ni waoga wa kazi. Kwenye taaluma yenu mafuta hayo yapo, ni usimamizi wa kitaaluma: kukaa na mwenzako mwenye uzoefu, mkalipitia shauri, na mkapitia limekufanya nini wewe. Mlifundishwa chuoni. Ukifika halmashauri kinachobaki ni kikao cha taarifa ya robo mwaka. Usisubiri waraka. Ongea na yule askari wa Dawati, muuguzi mnayepokezana naye wagonjwa, na mwalimu wa malezi wa shule moja au mbili. Saa moja kila Ijumaa, mlango umefungwa, hakuna mihutasari. Nakuhakikishia askari wa Dawati naye haendi sehemu fulani za mji.

Lakini kwa sasa, kwa usingizi uliopotea na ndoto hizo, nenda hospitali. Na usiende ile ya wilayani kwako unakopeleka wateja, ambako kila muuguzi anakujua na utaishia kuulizwa habari za kesi. Shuka Mtwara mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, uwaone wa afya ya akili. Wenzako wa Lindi wanayo Sokoine. Kwenda huko hakukuandiki kuwa mgonjwa wa akili. Wewe mwenyewe umewapeleka watu wangapi ukawaambia maneno hayohayo?

Kuhusu yule wa sokoni. Ulimpeleka binti hospitali, ukamfikisha Dawati, ukakaa naye mahakamani. Sehemu yako ilifanyika. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya familia mbili kukaa kikao, kwa hiyo siku yule mama au binti akirudi yuko tayari kusema, uwezekano wa kuifufua upo. Hakikisha taarifa yako imekaa vizuri kwenye jalada, yenye tarehe na sahihi, ili atakayekuja asianze upya. Baada ya hapo, soko si lake. Salamu yake huna deni nayo, si lazima uijibu. Jumamosi chukua kikapu uende, mara ya kwanza nenda na mwenzako.

Shemeji yako nitamtetea, ila kwa tahadhari. Hofu yako imekosea mtu, haikukosea jambo. Nisingependa upone halafu ulegee. Kinachoumiza pale nyumbani ni kwamba umeweka sheria ya mtu mmoja. Iweke iwe ya wote: watoto wanaoga na mama, baba au dada wa kazi, mlango wa chumba cha watoto haufungwi mgeni akiwemo, na hakuna mtu mzima anayewaambia "hili usimwambie mama". Sheria hiyo inamhusu shemeji, inamhusu kaka yako akija, inamhusu na mjomba wa Newala. Ikiwa ya wote haimtukani yeyote. Kisha umwite kijana, umwambie kwa kinywa chako kwamba hakukosa chochote.

Na mumeo. Siri ya mteja ni jina, kijiji, na kilichotokea. Uzito uliobeba si siri ya mteja, ni wako, na mumeo ana haki ya kuujua. Unaweza kusema, "Leo nimesikiliza jambo la mtoto, moyo umechafuka, naomba nusu saa peke yangu halafu nitakuja tule." Hapo hujataja mtu. Unapoingia nyumbani umekaza uso bila neno, yeye anaujaza ukimya ule kwa mawazo yake, na aliyoyawaza ndiyo yale aliyokwambia.

Baba, kama mkeo amekupa barua hii usome, nina neno na wewe pia. Ile kauli ya mtuhumiwa ilikuuma kuisema, naamini. Usiirudie. Na duka la vitenge si wazo baya, ila usilitoe kama fimbo kila simu inapolia. Usiku akiwa kwenye zamu, amka umchemshie chai. Mwalimu wa sekondari unajua kusahihisha daftari za usiku ni nini.

Je, uache kazi? Siwezi kukwambia usiache, nakwambia usiamue sasa. Mtu asiyelala haamui jambo la mshahara. Uhamisho nao nauogopa kidogo, kwa sababu benchi liko kila halmashauri, na simu utaenda nayo. Chukua likizo, nenda Ligula, kitochi kianze kazi, upite msimu mmoja wa korosho ukiwa kwenye zamu kama watu wengine. Ukiona bado, kuna mlango mwingine kabla ya ule wa kutokea. Ustawi si mashauri ya ukatili peke yake. Kuna wazee, kuna watu wenye ulemavu, kuna dawati la ustawi hospitalini. Omba ubadilishiwe meza kwa mwaka mmoja. Na ikibidi kuondoka, uondoke ukiwa umelala vizuri na hesabu ya duka mmeipiga wawili, na si kwa kumkimbia mtu mwenye kibanda sokoni.

Mama yako mwambie kazi ya serikali huichezei, unaitengeneza.

Barua ya likizo iandike wiki hii. Ligula nenda siku ya kazi, asubuhi na mapema, na kadi ya bima, na mumeo akiweza akusindikize hata kama atakaa nje.

Shangazi